Meza ya Mzee Leonidas

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Wazee wenzangu, shikamooni. Na ninyi wadogo, marahaba. Ni mimi Bibi Yunisi. Vuta kigoda usogee. Kama una mlenda jikoni, punguza moto kwanza, usije ukafurika halafu ukanilaumu mimi.

Kitendawili. Najua mmeshaitika, "Tega." Natega hivi: nina miguu minne wala sitembei, lakini mgonjwa akinitaja, wanamletea maji. Mimi ni nani?

Mji leo sichukui. Nawapa jibu bure. Ni meza. Kuna meza ya kuwekea sahani. Na kuna meza ya kumwambia mtu ashushe dawa kooni. Neno moja, mambo mawili. Leo tunamkumbuka mzee ambaye siku zake za mwisho alibaki na neno hilo mdomoni, na nyumba nzima ikalisikia kwa upande mmoja tu.

Tunamkumbuka Mzee Leonidas Ghuliku, katekista wa kigango kimoja huku upande wa Ilongero. Amefariki Jumamosi, baada ya kuugua kiharusi. Amezikwa Jumatatu. Nasema tena kwa aliyechelewa kuwasha redio: Mzee Leonidas Ghuliku, katekista, yule wa baiskeli na kitambaa cheupe. Ndiye huyo.

Matanga yalipoisha nilikwenda nyumbani kwao. Nilikaa na binti yake Marietha, ndiye aliyemuuguza. Nikamuuliza, "Mwanangu, niseme nini redioni?"

Akasema, "Bibi, usiseme tu alikuwa mtu wa watu. Kila anayekufa huku ni mtu wa watu. Sema nilichofanya."

Nikamwambia, "Hilo ni zito, mwanangu. Watakusikia mpaka sokoni."

Akasema, "Wanisikie. Kukaa nalo peke yangu nimeshindwa."

Basi nasema, kwa ruhusa yake.

Wasikilizaji wapendwa, Mzee Leonidas alizaliwa huku huku, katikati ya mawe makubwa na mashamba ya uwele. Alichunga ng'ombe wa baba yake. Akasoma darasa la saba. Akamwoa Evodia, wakalima alizeti. Siku moja Padre wa zamani hizo akamwona anavyowatuliza watoto kanisani bila kuwachapa, akampeleka kozi ya ukatekista. Akarudi na baiskeli. Baiskeli ile ilibadilishwa kila kitu, matairi, tandiko, mpaka usukani. Akawa anasema, "Kilichobaki cha zamani hapa ni mimi mwendeshaji, nami nasubiri spea."

Kazi ya katekista mnaijua. Kufundisha watoto Komunyo ya kwanza. Kuongoza ibada Padre asipofika. Kuzika. Lakini iko kazi moja aliyoishika kuliko zote. Alikuwa anawaitia wagonjwa Padre.

Kigango chetu hiki Padre anafika mara moja kwa mwezi. Vigango ni vingi na barabara mnazijua. Kwa hiyo mtu akizidiwa, Mzee Leonidas ndiye alipanda baiskeli kwenda parokiani. Baadaye simu zikaja, akawa anapiga. Lakini baiskeli hakuiacha, maana alitaka afike kwa mgonjwa kabla ya Padre. Anakwenda kuandaa nyumba.

Alikuwa na kitambaa cheupe cha meza. Evodia alikidarizi maua ya buluu pembeni. Nyumba nyingi hazina kitambaa kama hicho, hivyo alizunguka nacho. Akifika anasalimia, anampa mgonjwa pole, halafu anasema neno moja: "Meza." Maana yake, toeni vyombo mezani. Watu wanaondoa vikombe na sufuria. Meza inafutwa. Kitambaa kinatandikwa, msalaba unawekwa, mshumaa, na maji kwenye glasi. Padre akija na Komunyo na mafuta ya wagonjwa, anakuta nyumba inamngoja.

Kwa ninyi msio Wakatoliki, nieleze kidogo. Mafuta hayo mgonjwa anapakwa kwenye paji la uso na kwenye viganja. Anaombewa apate nguvu, asamehewe, na kama ni kuondoka aondoke mwepesi. Nasema tena, anapakwa mgonjwa. Mzee Leonidas alilisema hilo mpaka sauti ikamkauka. "Mafuta ni ya mgonjwa, si ya maiti. Niiteni mtu akiwa bado anaweza kunibishia."

Sisi tulimwita mzee pale mtu akishakoroma. Huo ndio ukweli wetu. Tulimchelewesha kila mara, Padre anafika mgonjwa yuko ukingoni, na kesho yake tunazika. Halafu tukasema, mnaona, Padre akija na mafuta mtu hafiki keshokutwa. Kosa ni letu, tukalitwika mafuta.

Ndiyo maana kitambaa kile kikaogopwa. Mzee akipita na baiskeli, watoto wanaulizana, "Kitambaa kinakwenda kwa nani leo?" Akina mama kisimani walimtania. Mmoja alimwambia, "Shikamoo mzee. Leo usinisogelee, mimi ni mafua tu."

"Marahaba, mama. Hata ya wengine huwa yanaanzaga hivyo hivyo."

"Haya, shuka baiskeli unibebee ndoo, kama unataka nipone."

Naye akashuka, akabeba.

Mzee Antipasi yupo, ni jirani yao, nimeongea naye. Aliwahi kuugua mapafu, mvua za masika, matope mpaka magotini. Mzee Leonidas alifika kwake ameibeba baiskeli begani badala ya baiskeli kumbeba yeye. Antipasi akamwambia kutoka kitandani, "Leonidas, geuza. Sifi mimi."

"Nani kakwambia unakufa? Nimekuja kunywa uji."

"Uji upo. Kitambaa kibaki nje."

Mzee akakiacha kitambaa kibarazani. Akanywa uji. Wakaongea habari za beberu mmoja aliyekula kofia ya mwenyekiti wa kijiji. Antipasi akacheka, akakohoa, akacheka tena. Mwisho akasema mwenyewe, "Haya bwana, toeni hivyo vyombo mezani, tumalize hii kesi." Padre akaja, akampaka mafuta.

Antipasi huyo nimemkuta anapura uwele. Ameniambia, "Bibi Yunisi, mimi nilipakwa, na nimemzika yeye aliyeniitia. Sasa mtu aniambie mafuta yanaua."

Shikeni hapo. Mzee Antipasi alipakwa mafuta, na yuko hai mpaka leo. Na Marietha alikuwa anamwona Antipasi kila siku akipita na mbuzi zake.

Sasa nije kwa Marietha.

Wasikilizaji wapendwa, Marietha alikuwa darasa la nne mama yake alipougua. Evodia aliugua muda mrefu. Mzee Leonidas alimwitia Padre mapema, kama alivyofundisha wengine. Safari hii kitambaa kilirudi nyumbani kwa mwenye kudarizi. Mzee akamwita binti yake, maana huku baba akimpenda binti anamwita mama, akamwambia, "Mama, toa vyombo mezani."

Marietha akatoa. Sahani, kikombe cha mama yake, kibakuli cha chumvi. Akavipeleka jikoni. Evodia akapakwa mafuta. Akatabasamu, akamwambia mumewe, "Maua yangu yamechakaa, katafute uzi." Kesho yake asubuhi akafariki.

Marietha ameniambia, "Bibi, wao waliona Padre. Mimi niliona mikono yangu. Mimi ndiye niliyetoa vyombo."

Hakumwambia mtu. Mtoto anajipa kosa ambalo hakulifanya, na anakua nalo. Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akarudi kumtunza baba yake. Jambo lile lilikuwa bado limo.

Kiharusi kilimpiga mzee akiwa shambani anavuna alizeti. Upande wa kulia ukalala. Ulimi ukawa mzito. Hospitali walimtibu, wakamruhusu arudi nyumbani na dawa za presha. Kitanda chake kikaletwa sebuleni ili watu wamsalimie. Kikakaa karibu na meza. Na meza ile, kama za kwetu wote, ilikuwa na chupa ya chai, vikombe vya plastiki, sufuria ya uji na dumu la mafuta ya alizeti.

Maneno yalimbakia machache. Maji. Hapana. Jina la mkewe, tena nusu, "Evo." Na lile alilolisema nyumba hadi nyumba miaka yote.

Alhamisi alimwangalia binti yake, akasema, "Meza."

Marietha akachukua vidonge. Akasema, "Ndiyo baba, saa ya kumeza imefika." Akampa na maji.

Mzee akameza. Alikuwa mtii. Kisha akasema tena, "Meza."

"Umeshameza, baba. Mpaka jioni."

Winfrida, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwepo na uji aliouleta. Akauliza, "Anataka kumeza nini, Mama Aneth?" Aneth ni mtoto wa kwanza wa Marietha.

"Dawa zake tu, dada."

"Mpe basi na uji, zisimkwangue tumbo."

Kwa Winfrida huyo, Mzee Leonidas alishatandika kitambaa mara mbili, kwa mama mkwe na kwa shemeji. Na akina mama wengine walikuja, wakaimba, wakaomba, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza kama Padre ameitwa. Kila mtu alizoea kwamba kuita Padre ni kazi ya Mzee Leonidas. Sasa aliyelala ni Mzee Leonidas, nani amwite? Nimewauliza. Wanaangalia chini. Mmoja ameniambia, "Bibi, tulijua wenye nyumba wameshaita." Wenye nyumba walikuwa Marietha, na simu ilikuwa mfukoni mwake, na namba ya Padre imo.

Nilimuuliza Marietha waziwazi. "Ulisikia vibaya?"

Akavuta uzi kwenye kanga yake. Akasema, "Hapana, Bibi. Nilisikia vizuri. Siku ile ya Alhamisi nilisikia vizuri kabisa. Nikashukuru kwamba hilo neno lina maana nyingine."

Wasikilizaji wapendwa, nimeishi, nimesikia mengi, lakini hapo kalamu yangu ilisimama.

Ijumaa mzee alianza kutumia mkono. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Akaunyoosha mpaka mezani, akasukuma kikombe kikaanguka. Marietha akakiokota, akakirudisha. Mzee akakisukuma tena. Marietha akakirudisha.

Akamwambia, "Baba, unanichokoza."

Mzee akamtazama. Akasukuma tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto herufi.

Marietha akakirudisha, na safari hii akakisogeza mbali, mkono usifike.

"Hapo, Bibi, nilipokisogeza. Hapo ndipo ninaporudi kila nikifumba macho."

Jumamosi mchana akaja Clement, kaka yake Marietha, kutoka Unyambwa, anakokamua alizeti. Alishuka kwenye bodaboda bado ana mafuta kwenye shati. Akamsalimia baba yake. Mzee akanyoosha mkono kuelekea mezani, kama anayesukuma vikombe, akasema, "Meza."

Clement akamgeukia dada yake. "Anataka nini?"

"Kumeza dawa."

"Dawa zinachukuliwa na mkono unaosukuma vikombe? Marietha, anataka meza itolewe vyombo. Padre ameitwa?"

Marietha akamfunika baba yake shuka vizuri.

"Dada. Padre ameitwa?"

"Ukimwita unamzika."

"Nani amesema?"

"Na mama, nani alimzika?"

Clement akasema kwa sauti ndogo, "Mama alizikwa na ugonjwa. Wewe baba huyu hukumsikia hata siku moja?"

"Nilimsikia. Nilitaka abaki."

Clement akatoka nje, akapiga simu. Padre alikuwa kigango cha mbali, upande wa pili wa parokia, katikati ya kubariki ndoa. Akasema anamaliza anakuja na pikipiki. Akauliza, "Anaongea?" Clement akamwambia, "Neno moja." Padre akasema, "Nalijua."

Marietha akasimama. Akaanza kutoa vyombo. Chupa ya chai. Vikombe. Sufuria. Dumu la mafuta. Ameniambia mikono ilikuwa mizito kama anabeba mawe, na kila alichokitoa alimwangalia baba yake kuona kama bado anapumua. Akaifuta meza. Akatandika kitambaa. Maua ya buluu yalishonwa upya, uzi mwingine si wa rangi ile ile. Mzee alikumbuka uzi aliotumwa na mkewe.

Kisha Marietha akapiga magoti kando ya kitanda. Akasema, "Baba, nilijua. Tangu Alhamisi nilijua. Nisamehe."

Mzee Leonidas akamwekea mkono wa kushoto kichwani. Akasema, "Meza."

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Meza ilikuwa imeshatolewa vyombo. Sasa alisema nini? Clement anasema baba aliona kitambaa, akashukuru. Winfrida anasema alimwambia binti yake ameze machozi. Antipasi anasema alikuwa na neno moja tu, na kama alitaka kumwambia mtu anampenda, angemwambia kwa hilo hilo. Marietha hajui. Nami siwezi kumjibia.

Aliaga dunia alasiri hiyo hiyo. Padre alifika jua likielekea kuzama, kanzu imejaa vumbi. Akakuta kilio.

Marietha akamwendea mlangoni. "Padre, bado ana joto. Mpake hata kidogo."

Padre ni kijana. Alipokuja parokiani, Mzee Leonidas ndiye alimzungusha kila nyumba kumwonyesha wagonjwa. Akamshika Marietha mkono. Akasema, "Mama, mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Mafuta ni ya mgonjwa."

"Kwa hiyo ameondoka bila?"

"Ameyatamani. Ameyaomba kwa mkono na kwa mdomo. Mungu hakungoja pikipiki yangu. Mzee alikuwa tayari siku nyingi, tusimlilie kwa hilo."

"Na mimi, Padre?"

Padre alikaa naye chini kwenye mkeka, na chupa ndogo ya mafuta ikabaki mfukoni. Wakasali sala za marehemu mpaka kukawa giza. Baadaye akamwambia, "Wewe njoo parokiani. Njoo polepole, lakini njoo."

Amekwenda. Alipoungama alisema nini, hilo si la redio. Ameniambia tu kwamba ameambiwa amesamehewa, na analiamini asubuhi, na ikifika saa ya kumpa mzee dawa, linamtoroka. Nikamwambia, liamini hiyo asubuhi. Kesho itakuwa na asubuhi nyingine.

Wasikilizaji wapendwa, huwa tunahubiriwa tuwe tayari, kwamba hatujui siku wala saa. Tunaitikia amina. Tunadhani kuwa tayari ni kazi ya mgonjwa. Mzee Leonidas alikuwa tayari. Ambao hatukuwa tayari ni sisi tuliokaa kando ya kitanda na uji. Tukiogopa, tunamfunga mtu wetu kwa hofu yetu. Anataka kuongea habari za safari, tunamwambia, nyamaza, utapona. Anataka kusamehe mtu, tunasema, pumzika. Anataka Padre, au mchungaji, au shehe wake, tunamwambia kesho. Tunamnyima maandalizi yake mwenyewe, halafu tunaita huo upendo. Na kweli ni upendo. Ndiyo maana unauma hivi.

Marietha hakumchukia baba yake. Alimpenda akamzibia masikio. Simhukumu, na wewe usimhukumu ukikutana naye gulioni. Wapo wengi kama yeye, ila yeye amekubali lisemwe.

Clement, mwanangu, pole. Marietha, mwanangu, pole sana. Aneth na wadogo zako, poleni kwa kuondokewa na babu. Poleni wana kigango wote, poleni wanajumuiya, na wewe Winfrida usijifungie ndani. Mungu ampokee Mzee Leonidas Ghuliku, ampe pumziko la milele, akutane na Evodia wake.

Muda wangu bado upo kidogo, nilikuwa nimeutengea wimbo. Wimbo siuweki. Kama ndani ya nyumba yako kuna mgonjwa, baba, mama, bibi, hata jirani asiye na mtu, zima redio sasa hivi. Nenda ukakae karibu naye, umuulize anataka nini. Akikujibu neno unaloliogopa, usilitafutie maana nyingine.

Zima, mwanangu. Mimi nitakaa kimya hapa mpaka muda uishe.